Kabla hujaagiza chupa mia tano: namna ya kulipima wazo la bidhaa mpya ukiwa hapa kwetu Zanzibar

Mwisho wa 2019 nilikuwa na sabuni za mwani 312 ndani ya maboksi chini ya kitanda, nyumbani Jang'ombe, chumba kizima kinanukia karafuu na mchaichai mpaka watoto wakahamia kulala ukumbini. Sabuni zenyewe zilikuwa nzuri, hilo nalisema bila kuona haya. Nilijifunza kuzipika kwa kina mama wa pwani ya kusini, nikanunua vyombo vya kumiminia, nikachapisha lebo elfu moja Dar, nikapika wiki mbili mfululizo, halafu ndio nikaanza kutafuta wa kumuuzia. Meneja wa hoteli moja alinambia kwa mdomo "tutachukua kila mwezi, wewe lete tu", mie lile neno nikalishika kama vile nimeshapewa pesa. Nilipopeleka mzigo yeye kashahamishwa na aliyekuja hanijui. 2020 ikaingia korona, wageni wakakatika, na sabuni zangu zikaishia kugawiwa harusini.

Tokea hapo mtu akinijia na wazo la bidhaa namkalisha chini tunalipima kwanza, na wamekuja wengi, wa juisi ya mwani, wa singo, ile ya kusugulia mwili, ya kupakia kwenye kopo, wa ubuyu, wa viatu vya makuti. Mwaka huu kaja mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, kapanda boti kutoka Pemba na chupa mbili za achari ya mbirimbi, lile tunda dogo kali la ukwaju wa kijani, kwenye mkoba, anataka nimsaidie kuagiza chupa tupu mia tano. Nikamwambia kaa, chupa hatuagizi bado. Tulichokifanya mie na yeye kwa wiki kama sita ndicho nnachokiandika hapa, hatua kwa hatua, ili na wewe ukifanye kwa wazo lako, liwe la chakula au la kitu chengine.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza. Watu wakiwa na wazo wanauliza "je ni zuri?" Swali hilo halikufikishi popote, maana kila mtu atakwambia zuri. Uliza hivi: nani atatoa pesa, atatoa MARA YA PILI bila kukuonea haya, na akishatoa wewe unabakiwa na shilingi ngapi. Hiyo mara ya pili naikazania kwa sababu kwetu sisi mara ya kwanza haikwambii kitu. Shangazi atanunua, jirani atanunua, uliesoma nae skuli atanunua na atakupostia kwenye status yake, wote wanakuunga mkono na Mungu awalipe, lakini ule ni ukarimu, soko hujalipata bado.

HATUA YA KWANZA: LIANDIKE WAZO, LAKINI NENO "WATU" LISIWEMO

Chukua daftari, la karatasi hasa, uandike sentensi moja yenye vitu vinne: ni nani, ana tabu gani, sasa hivi tabu hiyo anaimaliza vipi, na wewe utampa nini kwa bei gani.

Mdogo wangu aliandika "watu wanapenda achari". Nikamwambia kata hilo neno watu, maana watu hawana mfuko, mwenye mfuko ni mtu mmoja anaekaa mahala fulani. Tukakaa kwenye mkeka nusu saa nzima akiandika na kufuta, mwisho ikatoka hivi: "Mama anaekaa nyumba za maendeleo, yale maghorofa ya serikali, Wete au Chake, hana mti wa mbirimbi wala mahala pa kuanika, anataka achari ya kulia wali, sasa hivi anangoja aletewe kutoka shamba, akikosa anakula bila, mie ntamuuzia chupa moja kwa elfu tano."

Sentensi hii ni bora kuliko ile ya mwanzo kwa sababu inaweza kuwa ya uongo. Unaweza kutoka nje ukaenda kuangalia kama huyo mama yupo na kama kweli anangoja. "Watu wanapenda achari" huwezi kuipima, ni kama kusema watu wanapenda kucheka.

HATUA YA PILI: MJUE UNAESHINDANA NAE

Mtu akinambia "bidhaa yangu haina mshindani hapa Zanzibar" najua hajatoka nje. Achari ya mbirimbi mshindani wake wa kwanza ni ndoo ya bibi. Mbirimbi kule Pemba inaanguka chini inaoza, jirani akikuona unapita anakwambia beba, na kila ukoo una bibi au mama mkubwa mmoja anaeanika kwenye ungo juu ya bati na kugawa bure. Mshindani wa pili ni pilipili za chupa za viwandani, wa tatu ni ndimu na pilipili mbichi ambazo kila jiko linazo. Wa nne ndie mgumu kuliko wote, nae ni mtu kutokula achari kabisa na asione kapungukiwa.

Sasa nenda sokoni. Ukiwa Unguja nenda Darajani, nenda Mwanakwerekwe, nenda na Jumbi, ukiwa Pemba nenda Chake, Wete na Konde, lakini usiende kama mnunuzi wa kupita, kaa asubuhi nzima. Angalia rafu. Kuna kitu nilichojifunza kwa muuza duka mmoja mzee, anaitizama bidhaa kwa kidole: anapitisha kidole juu ya kifuniko, kikitoka na vumbi anajua hii haitembei hata lebo yake ingekuwa nzuri vipi. Basi na wewe pitisha kidole kwenye bidhaa zinazofanana na yako. Halafu muulize mwenye duka kwa upole mambo mawili tu, "hii boksi moja inakaa muda gani mpaka iishe?" na "hii ulilipa taslimu au ni mali kauli?" Akikwambia mali kauli maana yake hata yeye hakuiamini vya kutosha kuitolea pesa yake, mzigo bado ni wa mwenyewe umelala pale tu.

Sisi tulikuta aina tatu za achari za kupakia kwenye duka moja la Chake, mbili zina vumbi, moja haina. Ile isiyo na vumbi ilikuwa kwenye chupa kubwa ya plastiki, lebo ya karatasi imebandikwa upande. Tuliliona hilo tukapita nalo, hatukulifahamu mpaka baadae.

HATUA YA TATU: ULIZA MAMBO YALIYOPITA, USIULIZE YAJAYO

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya na hapa ndipo ntakapokaa zaidi.

Sisi Wazanzibari tuna adabu. Ukimpa mtu kijiko cha achari yako ukamuuliza "vipi?" atasema mashallah, tamu kweli, Mungu akubariki. Ukimuuliza "nikianza kuuza utanunua?" atasema inshallah. Hujapata habari yoyote hapo, umepata heshima tu. Hawezi kukwambia usoni kwamba chumvi imezidi au kwamba elfu tano ni pesa ya samaki wa mchana, na sio mwongo, ndivyo alivyolelewa.

Na hata penye watu wasioona haya, maneno na hata ulimi peke yake haviaminiki sana. Coca-Cola mwaka 1985 kule Marekani walibadilisha ladha ya soda yao baada ya kuwaonjesha watu kama laki mbili, na wengi kwenye kuonja waliipenda ile mpya. Ilipoingia madukani wateja wakaja juu, na siku 79 baadae kampuni ikairudisha ya zamani. Walioonja hawakudanganya, ila waliulizwa kuhusu funda moja la kikombe kidogo, hawakuulizwa kuhusu kitu wanachokiweka nyumbani miaka yote. Kampuni ile ina pesa za kufanya kosa kama hilo, mie na wewe hatuna.

Kwa hiyo usimuulize mtu atafanya nini. Muulize alifanya nini. Maswali yetu yalikuwa haya, na mdogo wangu aliyauliza kwa mdomo huku akiandika, hakutuma kwenye gurupu la watsap kwa sababu kule watu wanajibu kidole gumba na wanapita:

– Mara ya mwisho umekula achari lini, na ilitoka wapi?
– Uliinunua au ulipewa? Kama uliinunua, shilingi ngapi?
– Ikiisha unafanya nini, unangoja, unatafuta, au basi?
– Kuna siku uliitafuta ukaikosa? Hebu nihadithie siku hiyo.
– Ndani ya nyumba nani anaenunua vitu vya jikoni, wewe au baba watoto?

Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu aliyewahi kuhangaika kukitafuta kitu ana hadithi, atakwambia nlienda duka fulani nikakosa nikapanda gari mpaka Chake. Asiekuwa na hadithi hana tabu, na asie na tabu hatoi pesa. Swali la tano msilidharau, maana nimeona bidhaa nzuri za watoto zikishindwa kwa kuwa mama anaipenda lakini pesa ya sokoni anaishika baba, na baba huyo hakuulizwa na mtu.

Usianzie kwa jamaa zako. Anza na watu usiowajua au mnaojuana kwa mbali, kumi na mbili hadi kumi na tano wanatosha kwa mwanzo, ukiona majibu yanajirudia simama. Na bidhaa yako usiitoe mkobani mpaka mwisho, ukiitoa mwanzo mazungumzo yote yatageuka kuwa sifa.

Mdogo wangu aliuliza watu kumi na tano. Tisa achari yao ya mwisho walipewa bure. Wawili hawakumbuki. Wanne waliinunua, na kati ya hao wanne wawili wana hadithi ya kuikosa. Nikamuuliza hao wawili ni kina nani, akasema mmoja mwalimu anaekaa peke yake, mwengine mama anaekaanga chipsi Machomane, hapo Chake. Nikamwambia huyo wa pili mtilie duara kwenye daftari.

HATUA YA NNE: HESABU WANUNUZI KUTOKA CHINI, USISHUKE NA ASILIMIA KUTOKA JUU

Nimeona maandiko mengi ya kuombea mkopo yameanza hivi: sensa ya 2022 inasema Zanzibar ina watu 1,889,773, tukipata asilimia moja tu... Hiyo asilimia moja hakuna aliyekuahidi. Kwa Pemba peke yake ni watu 543,441, lakini huwauzii Pemba nzima, unawauzia wanaopita kwenye maduka unayoweza kuyafikia kwa daladala na ukarudi kabla ya magharibi.

Hesabu hivi: maduka mangapi yatakubali kuiweka? Kila duka, kwa vile ulivyosikia kwa wenye maduka, linatoa chupa ngapi za kitu kama hicho kwa wiki? Zidisha. Sisi tulipata maduka sita, chupa tatu kwa wiki kila moja, chupa kumi na nane. Chupa mia tano alizotaka kuagiza zingemchukua zaidi ya miezi sita kuzimaliza, na hapo tumechukulia kila kitu kimekwenda vizuri.

Kwa wale mnaolenga watalii, mwaka 2024 waliingia wageni 736,755 na ukiisikia hiyo namba moyo unadunda, wangu ulidunda na kidogo zaidi ya hapo. Lakini jiulize mgeni huyo unakutana nae wapi. Wengi wanatoka uwanja wa ndege kwa gari ya hoteli mpaka Nungwi, Kiwengwa au Paje, wanakula humohumo, na siku moja wanazungushwa Mji Mkongwe na muongozaji. Kila mlango hapo una mtu wake anaetaka chake, duka la hoteli, muongozaji, mwenye duka la zawadi. Na mgeni akinunua harudi wiki ijayo, kesho kutwa yupo kwao, kwa hiyo mteja wako wa kurudia hapo ni duka, kipimo cha mara ya pili kipimie kwenye duka, limeagiza tena au halikuagiza. Pia Aprili na Mei mvua za masika zikishuka hoteli nyingi zinakuwa tupu, nyengine zinafunga, na wewe kodi ya chumba unalipa.

HATUA YA TANO: HESABU YA CHUPA MOJA

Hapa msiruke jamani. Nawaonesha yetu kama ilivyo kwenye daftari, bei ni zile tulizozikuta sisi, zako zitakuwa nyengine.

Mkupuo mmoja wa chupa 20, za gramu 350. Mbirimbi ndoo mbili, kulipa vijana wa kuchuma, 6,000. Pilipili, chumvi, siki, mafuta na bizari 14,000. Chupa na vifuniko 900 kila moja, 18,000. Lebo 250 kila moja, 5,000. Gesi 4,000. Nauli 5,000. Jumla 52,000, yaani 2,600 kwa chupa.

Mdogo wangu akafurahi, nauza 5,000 napata 2,400! Nikamuuliza, na wewe je? Siku mbili za kukata, kuanika, kugeuza, kupika, kupakia. Akasema mie sijilipi, ni kazi yangu. Hapana. Siku utakapoumwa au utakapojifungua utamuweka mtu, na mtu huyo hali hewa. Tukatia 10,000 kwa siku, 20,000, tukafika 72,000. Halafu katika ishirini chukulia moja itavunjika, itavuja au itaharibika, zinabaki 19. 72,000 gawa kwa 19 ni karibu 3,800.

Mwenye duka nae anataka elfu moja yake katika kila chupa, wewe unapokea 4,000. Toa 3,800. Umebakiwa na shilingi mia mbili.

Tukanyamaza wote wawili. Mia mbili, na bado ni mali kauli, maana maduka matatu yakichukua chupa ishirini ishirini una shilingi 240,000 zimelala kwenye rafu za watu, na wewe wiki ijayo unataka mbirimbi nyengine na chupa nyengine. Kuna biashara zina faida kwenye karatasi na zinakufa kwa sababu pesa haijarudi kwa wakati, sio kwa hasara.

Ukishafika hapa usikate tamaa, isome hesabu inakwambia nini. Yetu ilisema chupa tupu ndiyo robo ya gharama yote, yaani mteja anatulipa zaidi kwa chupa ya gilasi kuliko kwa pilipili na bizari na kila kiungo kilichomo ndani. Hilo nalo tukalitilia duara.

HATUA YA SITA: KALENDA, MALIGHAFI NA UMEME

Nalipitia kwa haraka lakini likikupata linakuumiza. Kama bidhaa yako inategemea Ramadhani kumbuka kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, kwa hiyo tunda ulilokuwa nalo tele Ramadhani ya miaka mitano nyuma huenda mara hii ikakuta msimu wake haujafika. Kama unaanika kitu, masika na vuli utaanika wapi? Kama unategemea mwani, uliza kwanza ni mwani upi, maana cottonii ndio wenye bei lakini maji yakipata moto unaoza, wakulima wengi wamebakia na spinosum ambao bei yake ni ndogo. Karafuu kavu usije ukapanga kuzinunua kwa wakulima ukazisafirishe mwenyewe, biashara ile ina sheria yake na mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali.

Na kama bidhaa inataka friji, wenye umri wangu tunaikumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Sisemi itatokea tena, nasema hesabu saa ngapi bidhaa yako inavumilia bila baridi, na mwenye duka akizima friji usiku kuokoa umeme kutakuwaje.

HATUA YA SABA: JARIBIO LA PESA NDOGO

Kwanza weka mpaka wa hasara, kiasi ambacho kikipotea chote nyumba itakula na ada ya watoto italipwa. Kwetu ilikuwa 80,000. Pesa ya mchezo, yaani upatu, ambayo zamu yako imekuja leo na kesho unadaiwa usiitie, wala ya mkopo, huku bado ni kuuliza swali tu.

Pili, tafuta njia ya kuuza kabla hujawa na kiwanda. Kuna Mmarekani anaitwa Nick Swinmurn, mwaka 1999 alitaka kujua kama watu watakubali kununua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu. Hakununua ghala la viatu. Alikwenda maduka ya viatu akapiga picha, akaziweka kwenye tovuti, mtu akiagiza yeye anarudi dukani anavinunua kwa bei ileile na kumtumia. Faida hakupata hapo, alipata jibu, na kampuni iliyotokana na hapo ndiyo Zappos. Kwa hapa kwetu ni rahisi zaidi, piga picha moja nzuri kwenye mwanga wa asubuhi, weka bei, weka siku ya kupeleka, na uombe arubuni. Arubuni hata ya elfu moja. Anaetuma elfu moja kwa simu anakwambia jambo ambalo mashallah hamsini haziwezi kukwambia.

Tatu, na hili tafadhali lifanyeni kabla hamjauza hata moja: andika namba itakayokuambia endelea na namba itakayokuambia acha. Ukingoja matokeo kwanza moyo utaitafutia kila namba sababu. Tuliandika, chupa 20, tuuze kwa watu ambao si jamaa, kwa 5,000 kamili bila kupunguza, na ndani ya wiki nne watu wanane warudi wenyewe bila kukumbushwa. Chini ya hapo biashara ya chupa hatuifanyi. Tukatia sahihi wote wawili.

Nne, andika kila mnunuzi: siku, mahala, anatumia wapi, kasema nini, karudi lini. Usiangalie idadi tu, angalia wanaitumia kinyume na ulivyotaraji. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kabla ya kuanza rasmi Machi 2007 ilikusudiwa watu walipie mikopo yao midogo, lakini waliopewa kujaribu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na waliokuwa wakiangalia wakaliona hilo na kulifuata. Wangekuwa wanahesabu mikopo iliyolipwa tu lingewapita.

RUHUSA

Kwa jaribio dogo la watu ishirini anza kwa kuuliza tu, lakini kabla ya kuchapisha lebo nyingi fika mwenyewe ofisini. ZFDA wanahusika na chakula na vipodozi, sabuni na singo zimo humo, ZBS ni viwango, na jina la biashara linasajiliwa BPRA. Waulize wanataka nini kwenye jiko na kwenye lebo, uandike, halafu irudie hesabu ya chupa moja na gharama hizo ndani. Kama jiko linatakiwa liwe na vigae na wewe unapikia uani, hiyo ni pesa na inatakiwa ionekane kwenye karatasi sasa hivi. Lebo zangu elfu moja za sabuni zilikosa mambo mawili yaliyotakiwa na zote hazikufaa.

KUAMUA

Wiki nne zikaisha, mdogo wangu akanipigia usiku baada ya isha.

"Dada, zimekwenda kumi na nne. Waliorudi watano."

"Tuliandika wangapi?"

"Wanane." Akanyamaza. "Lakini dada, hao watano, wanne ni wa chipsi na mishkaki. Na yule wa Machomane hataki chupa, kaniuliza kama namuuzia kwa dumu."

Nikamwambia fungua daftari utizame maduara. Mama wa chipsi alikuwa na hadithi ya kuikosa. Ile achari isiyo na vumbi ilikuwa kwenye chupa kubwa. Chupa ya gilasi ndiyo iliyokuwa inakula pesa. Vitu vitatu vimesema jambo moja na sisi tulikuwa tunaangalia nyumba za maendeleo.

Ukifika mahala kama hapa una njia tatu, kuendelea, kugeuza au kuacha. Kuendelea na chupa hapana, namba tuliandika wenyewe na hatukufika, na siku utakapoanza kuishusha namba ili ufaulu umerudi kwenye sabuni zangu za chini ya kitanda. Kuacha kabisa ingekuwa sawa kama hao watano wangekuwa kila mmoja na sababu yake. Lakini wanne wenye kazi moja, wanaorudi wenyewe, wanaoomba kitu kilekile, huko ni kugeuza, na kugeuza maana yake unarudi hatua ya kwanza na sentensi mpya. Akaandika: "Anaeuza chipsi au mishkaki jioni, anamaliza pilipili kila siku, sasa hivi anasaga mwenyewe alasiri wakati angekuwa anakata viazi, ntampelekea dumu la lita tano kwa 38,000."

Hesabu tukaifanya upya kwenye simu. Mbirimbi na viungo 14,500, gesi 3,000, mkono wake 8,000, nauli 2,000, jumla 27,500. Dumu analirudisha mteja akichukua jengine. Inabaki 10,500 kwa dumu. Achari hiyohiyo ingejaza chupa kama kumi na nne na kumpa 2,800, tena baada ya kungoja mwenye duka alipe. Wa chipsi analipa palepale kwa sababu jioni ileile anaigeuza kuwa pesa.

Tukaweka mpaka mpya, wateja sita, warudishe dumu tupu na kuchukua jengine mara mbili ndani ya mwezi. Sasa hivi anao wanne, wawili wameshachukua la pili. Mmoja kasema mara hii chumvi imezidi, kamwambia waziwazi mbele ya wateja wake, na mdogo wangu alinipigia akiwa na furaha kwa neno hilo kuliko kwa mashallah zote za mwanzo. Alhamisi anapika tena, chumvi kapunguza vijiko viwili.